Vumbi Lililohama na Picha

Siku mashine mpya ilipofunguliwa kwenye makasha yake, sikunywa chai wala sikula. Niliitazama ikivuliwa plastiki kipande kwa kipande, nyeupe, ndefu kuliko mimi, nikawa nazunguka chumba kizima hadi mhandisi aliyeileta akaniomba nikae chini. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimepiga picha za matiti ya wanawake wa Kigali kwa filamu, katika kliniki yetu ndogo hapa Remera, na sasa tulikuwa tunapata ya kidijitali. Nilikuwa na furaha ya kitoto, sifichi. Jioni mume wangu aliniambia kwamba hata siku ya ndoa yetu hakuniona nimechangamka vile. Nikamjibu kwamba siku ile hakuna aliyenionyesha kitu kipya.

Ili mnielewe, lazima nieleze filamu ilivyokuwa. Mama anasimama mbele ya mashine, titi linabanwa kati ya vibao viwili, na chini yake kuna kaseti, yaani kisanduku chembamba kilichofungiwa filamu ndani. Ukishapiga, unaichomoa kaseti unakimbia nayo chumba cha giza. Fundi anaitoa filamu gizani, anaipitisha kwenye dawa, na wewe unasubiri huku mama wa watu amekaa na shuka mabegani akijiuliza kama kuna ubaya. Picha ikitoka nyeupe mno, ndiyo hiyo hiyo. Ikitoka nyeusi mno, ndiyo hiyo hiyo. Hakuna kuibembeleza.

Na kuna matiti yaliyoishinda filamu kabisa. Wanawake ambao hawajakoma hedhi, wengi wao titi limejaa tezi. Tezi hutoka nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe. Ni kama kutafuta punje za sukari kwenye bakuli la chumvi. Niliwahi kukodolea macho filamu za aina hiyo hadi kichwa kikaniuma, kisha nikamwandikia daktari kwamba sioni kitu, maana yake ikiwa kwamba sijui.

Hata hivyo niliipenda filamu, na sitaki mtu aitukane mbele yangu. Kwa mama mtu mzima, ambaye titi lake limebaki mafuta mengi na tezi kidogo, filamu nzuri ilikuwa inaonyesha mshipa mwembamba kuliko uzi wa cherehani. Daktari wetu anayesoma picha, mwanamke aliyekulia Uganda, mkali na mwenye miwani miwili kichwani kwa wakati mmoja, alikuwa ameapa kwamba hakuna skrini itakayomshinda yeye na kioo chake cha kukuzia.

Mwenye ufalme wa chumba cha giza alikuwa fundi mmoja mrefu aliyekulia Burundi, mwenye koti la kijivu na mikono iliyokuwa inanuka dawa hata Jumapili kanisani. Adui yake maishani alikuwa mmoja tu: vumbi. Anayeijua Kigali wakati wa kiangazi ananielewa. Lile vumbi jekundu linaingia kabatini, linaingia kwenye sukari, linaingia masikioni. Punje moja ikipenya ndani ya kaseti inazuia mwanga usifike kwenye filamu, na pale ilipokaa panatoka nukta nyeupe. Ubaya wake ni kwamba saratani changa nayo wakati mwingine huanza kwa nukta nyeupe, chembe ndogo za chokaa zilizokusanyika mahali pamoja.

Basi mimi na fundi tulikuwa na desturi yetu. Kabla filamu haijaenda kwa daktari tuliikagua, na palipo na vumbi tulizungushia duara dogo kwa penseli nyekundu ya nta, ili daktari asipoteze muda hapo. Hakuna chuo kilichotufundisha hivyo. Chuo kinasema safisha kaseti, piga tena. Lakini kupiga tena ni mionzi mingine, ni filamu nyingine wakati zilizobaki ni chache, na ni kumwambia mama aliyekwisha kuvaa avue upya. Duara lilikuwa rahisi. Tena tulijiona mabingwa. Fundi alizijua kaseti zake moja moja kwa makovu yao, na mimi nilikuwa na kanuni yangu: nukta zikionekana kwenye picha ya kutoka juu na zisionekane kwenye ile ya kutoka ubavuni, hizo ni vumbi.

Mashine ilipokuwa tayari, mhandisi alishauri tuanze na wanawake ambao filamu zao za zamani tunazo, ili daktari aweke filamu kwenye sanduku la taa na picha mpya kwenye skrini, alinganishe. Sikufikiri mara mbili. Nilimpigia wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu, fundi wa cherehani kule Rwezamenyo, umri wake arobaini na tatu. Mama yao alikufa kwa saratani ya titi huko Bujumbura kabla mimi sijaolewa, na kwa sababu hiyo mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwandama hadi akakubali kupigwa picha. Jibu lilikuwa zuri. Nami nililala usingizi mzuri mwaka mzima.

"Ile ya zamani si ilisema niko bien?" akaniuliza kwenye simu.

"Ilisema. Lakini hii ni nyingine, wifi. Njoo uone."

"Niko na mishanana ya watu sita hapa, nguo za arusi, na arusi iko samedi, hii Jumamosi. Wewe Mtanzania unapenda kusumbua watu, kweli rwose."

"Nitakununulia mishikaki, zile brosheti zenu."

"Na ndizi?"

"Na ndizi."

Alikuja kwa pikipiki, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, analalamika kwamba helmeti ya yule dereva inanuka vichwa vya Kigali nzima. Nilimsimamisha mbele ya mashine kwa madaha, kama vile niliitengeneza mwenyewe. Kibao kiliposhuka akapiga ukelele.

"Yewe! Mumebadilisha kamera, kufinya hamukubadilisha?"

"Usipumue."

Nikabonyeza. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Kabla hata sijafika kwenye skrini, picha ilikuwa imeshatokea. Hakuna kaseti, hakuna kukimbia koridoni, hakuna dawa. Nilipiga makofi peke yangu. Wifi akachungulia nyuma yangu, shuka begani.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kumbe niko muzuri hata ndani," akasema, akaenda kuvaa.

Nilipiga kelele kumwita fundi. Alikuja shingo upande, maana ile mashine ilikuwa inakuja kumfungia chumba chake, na hilo kila mtu alilijua. Sikumjali. Nilimwonyesha kama mtu aliyenunua gari. Tazama, napunguza weupe. Tazama, naongeza weusi. Tazama, nakuza hapa, nageuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Zile tezi za wifi, ambazo kwenye filamu zilikuwa donge moja kama ugali, sasa zilifunguka, nikaona kati yake na nyuma yake. Nilikuwa nacheka. Miaka kumi na minne nilikuwa nimefungwa kitambaa machoni, na leo mtu amekifungua.

Kisha nikaona nukta. Titi la kushoto, juu, upande wa kwapa. Nukta nane ndogo, nyeupe sana, zimekaa karibu karibu.

"Iko vumbi, madamu," fundi akasema, bila hata kufikiri.

Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwamba ndiyo, ni vumbi. Akatoa kile kitambaa chake laini mfukoni akaifuta skrini. Nukta zikabaki. Akapumulia kioo, akafuta tena kwa bidii, kama anavyofanya kaseti zake. Zikabaki. Nikashika kipanya nikaisogeza picha upande wa kushoto ili afute vizuri pale pembeni.

Vumbi likahama na picha.

Nikairudisha kulia. Likarudi nayo. Fundi alibaki ameinua mkono na kitambaa chake. Hatukutazamana. Mashine ile haikuwa na kaseti, na mahali pa vumbi kuingia hapakuwepo. Nikafungua picha ya kutoka ubavuni. Zilikuwepo. Nukta nane, mahali pale pale.

Nilikwenda stoo ya bahasha mwenyewe. Filamu ya wifi ya mwaka uliotangulia niliipata upesi, nikaibandika kwenye sanduku la taa, na sikuhitaji kioo cha kukuzia. Titi la kushoto, juu, upande wa kwapa, palikuwa na duara jekundu. Mkono ulikuwa wangu. Maduara yangu huwa hayafungi vizuri upande wa juu. Ndani yake zilikuwa nukta tano.

Siku ile ikanijia yote. Ilikuwa Julai, vumbi limetanda, wifi ana haraka ya kwenda kumpima bibi harusi. Picha ya kutoka ubavuni ilikuwa imetoka nyeupe mno, chembe zile zimemezwa na tezi, na kwa kanuni yangu nikaamua. Fundi alisema vumbi, nikasema vumbi, nikachora. Wifi akavaa akaondoka. Sasa nilisimama pale nikijilaumu hadi machozi yakanitoka kwa hasira. Filamu ilikuwa imeziona. Mwaka mzima ilikuwa imekaa kwenye bahasha ikiwa imeziona.

Lakini nitasema kweli, hofu yangu haikuja peke yake. Nilipolinganisha zile tano na zile nane, moyo ulinidunda kwa kitu kingine kabisa. Zilikuwa ndogo! Zimekaa pamoja, hakuna uvimbe, hakuna ngozi iliyovutwa, kwapani safi. Nikakimbia kwa daktari, nikamgonga mlangoni, miwani moja ikaanguka. Alikuja, akatazama filamu, akatazama skrini, akarudi kwenye filamu.

"Hili duara kachora nani?"

"Mimi."

"Nami nililiamini," akasema. "Sikuweka hata kioo hapo. Mrudishe ndani, tukuze hapa tu. Kama ni kitu, bado ni kitoto. Haraka!"

Ile haraka yake ilinipa nguvu. Nilimkuta wifi anafunga vifungo, anauliza brosheti ziko wapi. Nikamwambia tunarudia upande mmoja. Alinitazama usoni, na yeye ni mtu wa kupima watu kwa macho kila siku.

"Iko kama ya mama?"

"Sijui, wifi. Kuna vitu vidogo sana. Daktari atachukua kinyama kidogo, kipimwe."

Akaanza kufungua vifungo tena, kimoja kimoja, kutoka juu. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Tulisubiri majibu siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa nakwenda kazini mapema, napiga picha, narudi, na kila nilipoiona namba ya daktari kwenye simu nilitoka nje kuipokea. Wifi alimaliza mishanana sita na akaongeza mitatu.

Siku ya majibu daktari aliniita ofisini kwake na wifi akiwa ameshakaa. Ni saratani, akasema. Kisha kabla hatujaanza kulia akainua kidole. Seli zilikuwa bado ndani ya mfereji wa maziwa, hazijauvunja ukuta wake kutoka nje. Wataiondoa sehemu ile, watafuatisha mionzi ya tiba, na matumaini ya kupona ni makubwa sana. Wifi akauliza kama ataweza kushona. Daktari akamwambia atashona hadi achoke mwenyewe. Nilitoka nje nikamkumbatia mlinzi wa getini, mtu ambaye tulikuwa tumenuniana kwa miezi kwa ajili ya nafasi ya kuegesha gari. Nikamwambia tumeiwahi, tumeiwahi, naye bila kujua chochote akaniambia hongera.

Yote hayo, na bado nilikuwa sijamwambia wifi habari ya duara.

Alipasuliwa salama. Siku ya pili nilimkuta wodini, ameketi kitandani, bandeji kubwa kifuani, anahutubia. Wauguzi wawili, mgonjwa wa kitanda cha pili na mama aliyeleta uji wote walikuwa wanamsikiliza.

"Mashine ya wifi yangu iko hatari! Sekunde moja, inaona mpaka kitu ya kama vumbi. Ile ya zamani ilikuwa ya bure, ilinidanganya mwaka muzima. Huyu hapa ndiye aliniokoa!" Akanionyesha kwa mkono, na watu wale wakanigeukia wakitabasamu.

Ningeweza kutabasamu nami. Nilijaribu. Nilikaa kwenye kiti, nikammiminia uji kikombeni, nikasubiri wale watu waende zao. Ningeweza kuvumilia kusingiziwa mimi. Kusifiwa kwa lile sikuweza.

"Wifi," nikasema, "ile ya zamani haikukudanganya. Ilizionyesha. Ni mimi niliyeziona nikasema ni vumbi. Nilizizungushia penseli, daktari asihangaike nazo."

Akashusha kikombe.

"Uliona."

"Niliona."

"Mwaka muzima."

"Mwaka mzima."

Akageuza uso akatazama ukuta. Nilitaka anitukane, mimi ni mtu wa hasira, ugomvi naujua, ungenisaidia. Nilianza kueleza habari ya kiangazi, ya filamu chache, ya picha iliyotoka nyeupe mno, na jinsi zile chembe bado zilikuwa hazijatoka nje. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Na wengine?" akauliza ukutani.

"Wengine gani?"

"Wale umewachorea. Iko wangapi?"

Naapa sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Siku zote zile nilikuwa na wifi mmoja, titi moja, duara moja, na furaha yangu yote nilikuwa nimeimwaga hapo. Miaka kumi na minne. Kila kiangazi.

Wifi akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile anayotumia kwa wanafunzi wake wa ushonaji.

"Basi unakaa hapa unafanya nini? Unaninywesha uji? Mimi niko na mikono. Enda, uwatafute. Ukirudi hapa kabla ya kuwatafuta, sikupokei."

Niliondoka mbio, hata mkoba nikausahau, muuguzi akanikimbilia nao hadi kwenye ngazi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Daktari nilimweleza nikiwa nimesimama. Akasema tuanze na wa karibuni zaidi turudi nyuma, na kila mwenye duara apigiwe simu, hata kama duara lina nukta moja. Fundi aliyabeba maboksi ya bahasha kutoka stoo, mawili mawili, hakuniruhusu nimsaidie. Tukakaa mbele ya sanduku la taa. Nyingi zilikuwa vumbi kweli, vumbi la kaseti ambazo fundi alizitambua kwa kovu na kuziapia, lakini hata hizo tuliziweka upande wa simu. Tulikuwa tumeshaapia vya kutosha.

Filamu ya kumi na moja ilikuwa ya mama wa miaka arobaini na nane, kiangazi cha miaka miwili nyuma. Duara lisilofunga vizuri upande wa juu. Ndani yake nukta nne, karibu karibu, nyeupe sana. Fundi aliitazama, akanitazama, akanisogezea simu.

Nilikuwa na hamu kama ya mtu anayekimbilia basi analoliona bado limesimama. Alipokea mara ya tatu, kelele za magari nyuma yake. Nikamwambia mimi ni nani na nafanya kazi wapi. Nikamwambia kwamba miaka miwili iliyopita nilimpiga picha, nikaona kitu, nikakiita vumbi bila kuhakikisha. Nikamwambia huenda ni vumbi kweli, ila sasa tuna mashine isiyoingia vumbi, na namwomba aje.

Kelele za magari zikapungua, kama amesogea pembeni.

"Uliona, halafu hukuniambia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Niko Sonatubes, si mbali," akasema. "Napanda pikipiki sasa hivi. Usiende popote."